Zoni ya 2-3 si uchawi, mnapigwa kwa uzembe!

Wakuu, nimechoka. Kila mtoano wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ni yaleyale. Timu inazidiwa, inaingia zoni (kila mlinzi analinda eneo, si mtu; 2-3 ni wawili juu, watatu chini karibu na kikapu), wachambuzi wanadai "wamechoka hao, wanajificha". Halafu timu iliyojaa mastaa inapasiana juu ya arki (mstari wa pointi tatu) sekunde 15, mwisho mtu anarusha tatu ya kubahatisha huku kocha kakunja mikono. Zoni imeruhusiwa NBA tangu msimu wa 2001-02, mpaka leo mtu anashtuka?

Chukueni fainali ya Mashariki 2020, Miami Heat na Boston Celtics. 2-3 ya kawaida inaweka magadi wafupi juu. Spoelstra, kocha wa Heat, akaipindua: juu kawaweka wenye mikono mirefu, Butler, Iguodala, Derrick Jones Jr.; kina Dragić na Herro kawashusha chini pembeni, Adebayo katikati. Mwenye mpira akitaka kupasi katikati anakutana na msitu wa mikono. Na Kemba Walker wa Boston hawezi tena kuita skrini (mwenzake amzibie mlinzi njia) hadi abakiwe na Herro amtese peke yake. Kumficha mlinzi dhaifu, hiyo ndiyo kazi ya zoni kwenye mtoano, uvivu uko wapi hapo? Mechi ya pili Boston walikuwa mbele kwa pointi 17, wakalala 106-101.

Mechi ya tatu Hayward wa Boston karudi kutoka majeruhi, kasimama kwenye mstari wa mitupo huru. Basi! Adebayo akimpandia, pasi inashuka kwa mtu aliyejibanza nyuma kwenye mstari wa mwisho. Asipompanda, Hayward anafyatua. Mawinga wa chini wakibana kusaidia, kona nyeupe, na tatu ya kona ni mita 6.71 tu wakati ya juu ni 7.24. Boston 117-106.

Kwa hiyo mpange hivi: mmoja katikati anayejua KUPASI (siyo senta wa kudanki tu), mmoja nyuma, wawili kwenye kona. Mkipata ribaundi kimbieni kabla hawajajipanga. Shuti ikitoka pelekeni wawili kugombea, maana kwenye zoni mlinzi hana mtu wake wa kumzuia.

Na nyie mnaoicheza, mnakaa humo robo nzima mnasubiri nini? Ingieni baada ya taim-auti au mtupo huru ulioingia, mashambulizi mawili matatu, tokeni. Senta akiganda ndani sekunde tatu bila mtu wa kumkaba ni mtupo mmoja na mpira unabaki kwao. Ligi zetu zinafuata sheria za FIBA (shirikisho la kikapu la dunia), huku aweke hata kambi, lakini kule ni NBA.

Nyongeza: kwa yule wa "wapigaji wazuri wanaua zoni", Celtics hao wapigaji walikuwa nao mechi ya pili pia. Walikosa wa kupokea katikati.