Kifungu cha 217 kifutwe au kibaki? Aliyenusurika kujiua ni wa polisi au wa hospitali?

Mtoa mada, Temeke

Wakuu habari za jioni. Naleta hii mada tuijadili bila matusi maana mtaani nikiigusa tu watu wanabadilisha stori. Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, kifungu cha 217, inasema mtu akijaribu kujiua katenda kosa, na kwa vile chenyewe hakitaji adhabu inaangukia ile adhabu ya jumla ya makosa madogo, jela hadi miaka 2 au faini au vyote kwa pamoja. Yaani mtu kanusurika, dripu bado iko mkononi, na kisheria tayari ni mtuhumiwa. Mimi nasema kifutwe.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kazi yangu kupita kaya kwa kaya. Kuna familia moja huku kwetu kijana wao dereva boda alimeza kitu usiku, wakamkimbiza hospitali kwa bajaji, na njiani mjomba mtu akawapanga wote, tukifika semeni kala chakula kibaya, mkisema ukweli mtaletewa askari. Nesi anauliza kala nini, mama mtu anaangalia chini, mjomba ndo anajibu, "chipsi za jana". Sasa daktari anahangaika na chipsi na muda unakwenda. Pona yake ni mdogo wake wa kike, alimfuata nesi koridoni akamnong'oneza. Kijana akatibiwa akapona, ila ndugu walishikilia stori yao mpaka mwisho, kwahiyo hakuna aliyempeleka kliniki ya afya ya akili, akarudishwa nyumbani, deni la kausha damu, ile mikopo ya riba kali, liko pale pale na pikipiki wameshaichukua.

Alafu hii sheria tuliletewa na Mwingereza 1945. Yeye mwenyewe kwake akaja kufuta kosa hilo 1961, mwaka ule ule tunapata Uhuru. Kwake kafuta, sisi tunailinda kama shamba la urithi. Haya, karibuni.

Afande Mstaafu

Acha nisimame upande wa pili maana naona mnaongea kana kwamba polisi wanawinda wagonjwa. Kwa niliyoyaona kazini, wengi wa hao hawafiki mahakamani, anaitwa ndugu, anaonywa, anaachiwa. Sheria inaweka mpaka. Ukiifuta unamwambia kijana kwamba ni ruksa. Na wapo wanaotumia kama kitisho, mke anataka kuondoka mume anasema nitajiua, mke anarudi kupigwa. Na je kama mtu kasukumwa na mwenzake, bila askari kufika utajuaje?

Binti wa Sheria

Afande shikamoo. Kumsaidia au kumshawishi mtu ajiue ni kifungu kingine, 216, adhabu yake inafika kifungo cha maisha, hicho hakuna anayeomba kifutwe. Na huyo mume anayetisha mke, shida yake ni ukatili, mkamate kwa ukatili.

Ila hapo uliposema wengi wanaachiwa ndo umenipa hoja. Kama hawashtakiwi, kifungu kinafanya kazi gani zaidi ya kutisha akina mjomba wa chipsi? Kenya Mahakama Kuu Januari 2025 imesema kifungu chao cha 226 kinakiuka Katiba. Ghana Bunge lilipitisha kufuta 2023. Huko kote hakuna aliyesema ni ruksa, wamesema huyu ni wa kutibiwa.

Mtu wa Kariakoo

Tusiiweke dini pembeni kwenye hii kitu. Suratun Nisaa aya ya 29 iko wazi, nafsi ni amana. Haramu itabaki haramu hata bila askari, na ndo maana mimi sioni faida ya jela. Kinachoniuma ni sisi wenyewe, mtu akifariki hivyo watu wanakimbilia kumhukumu, wengine wanauliza hata kama aswaliwe, wakati wanazuoni wengi wamesema anaswaliwa. Mama wa marehemu anasikia yote hayo huku kakaa kwenye mkeka. Je kuna mwingine pale msibani mwenye mawazo kama hayo atathubutu kufungua mdomo?

Mama Kwaya

Kweli kabisa. Na kwetu Wakatoliki kuna watu bado wanadhani haombewi, Katekisimu namba 2282 na 2283 inasema ugonjwa mzito wa nafsi unapunguza wajibu wa mtu na tusikate tamaa na wokovu wake. Lakini nenda jumuiya uwaulize wangapi wamewahi kusoma hapo.

Dereva wa Mbagala

Samahanini wasomi, mimi hicho kifungu nakisikia leo. Kijiweni kwetu hakuna anayeogopa kifungu, tunaogopa kuchekwa. Ukisema umechoka unaambiwa kaza mwanangu, mwanaume halii, na kesho ushapewa jina. Mwenzetu alikuwa anadaiwa na hawa wa mikopo ya simu, wakawa wanampigia mpaka mama mkwe wake, sisi tukaifanya utani, tunaita jina la mama mkwe wake kila akipita. Siku hizi hakai na sisi, anapaki peke yake kule karibu na kituo cha mafuta. Futeni msifute, deni litaisha?

Mtoa mada, Temeke

Kaka haliishi, na sijasema litaisha. Ila huyo mwenzenu anayepaki peke yake nimemuelewa kuliko vifungu vyote humu, naomba leo hii mmoja wenu amfuate, sio kwa ushauri, kaa nae tu umuulize hali. Shirika la Afya Duniani linasema kila mwaka wanaokufa hivi duniani ni zaidi ya laki 7, na wanaume wanakufa zaidi ya mara mbili ya wanawake. Hao ndo wale wa kaza mwanangu.

Na sio lazima awe daktari. Zimbabwe daktari mmoja wa akili, Dixon Chibanda, 2006 alianza kuwafundisha bibi wa mtaani, wanakaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati, wanamsikiliza, wanamsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliotoka 2016 ulionyesha waliopita kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisi tuna vikoba, vijiwe, jumuiya, wajumbe, watu wa kukaa kwenye benchi hatukosi.

Mhazini wa Kikoba

Umetaja vikoba naomba niulize. Tulikuwa tunahesabu hela juu ya kanga, dada mmoja ambae huwa ndo mchekeshaji wetu siku hiyo kimya, anakunja na kukunjua ncha ya kanga, mwisho akaniinamia akasema mimi nikiwa sipo hisa zangu mpe mwanangu mkubwa. Moyo ukapiga paa. Nikataka kumuuliza ila nasikia ukimuuliza mtu kuhusu kujiua ndo unampa wazo, nikanyamaza nikamwandikia mkopo wake. Yupo, hata marejesho ameleta, ila macho sio yake.

Mtoa mada, Temeke

Mama, kuuliza hakumpi wazo, hilo lishathibitishwa, wengi wanapata nafuu kwamba kuna mtu kaona. Muite pembeni umuulize kwa maneno hayo hayo, unafikiria kujiua? Akisema ndio usimshtukie wala usimhubirie, usimwache peke yake, muondolee vitu vya hatari vilivyo karibu nae, mtafute ndugu anayemwamini mwende nae hospitali. Amana, Temeke, Mwananyamala wanapokea, sio lazima Muhimbili, na sio kwamba ukitaja afya ya akili anapelekwa hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma. Kama ni mtoto kuna 116, kupiga ni bure. Nenda leo, usisubiri kikao.

Mhazini wa Kikoba

Naenda baada ya magharibi.

Afande Mstaafu

Nimesoma yote. Sasa nijibuni hili. Saa nane usiku mjumbe anapiga simu, kuna mtu kajifungia ndani anasema anakufa. Ambulensi mpaka uitafute. Mwenye gari usiku huo ni polisi. Kifungu mkishafuta nani anakuja?

Binti wa Sheria

Polisi huyo huyo afande. Aje na gari, ambebe, amfikishe hospitali, aondoke. Asifungue jalada.

Afande Mstaafu

Haiwezekani. Nimeitwa kwenye tukio ambalo sheria inasema ni kosa, nisipofungua jalada kesho naulizwa na mkuu wa kituo nilienda kufanya nini na mafuta ya serikali.

Dereva wa Mbagala

Kwahiyo afande umekubali kifungu ndo kinakubana?

Afande Mstaafu

Sijakubali. Nimekwambia utaratibu.