Naombeni ushauri: kompyuta ya nyumbani imechoka, nina laki 6, nichukue ipi?

MamaNeema_Moro
Habari zenu wakuu. Nyumbani tuna Dell OptiPlex 780, Core 2 Duo, RAM 4GB, Windows 10. Tuliinunua ya mtumba na imetutumikia vizuri, ila sasa ukiiwasha unaweza kwenda kuinjika maharage na ukirudi bado kiduara kinazunguka.

Kazi zake ni hesabu za kikoba (mimi ndiye mweka hazina), Neema yuko kidato cha tatu anapakua mitihani ya nyuma ya NECTA na kuangalia masomo YouTube, na baba Neema anachapa barua za kanisa. Hakuna gemu, hakuna kuhariri video.

Bajeti ni laki 6, isizidi. Karibuni nashuka Dar. Kwa simu nimeshatajiwa mbili:

1. HP EliteDesk 800 G1, i7, RAM 8GB, hard disk 500GB, imeshawekwa Windows 11. Laki 3 na 80.
2. Laptopu mpya ya kwenye boksi, Celeron, RAM 4GB, nafasi 64GB. Laki 5 na nusu.

Moyo unaenda kwenye mpya, maana mtumba una presha zake. Halafu huku kwetu umeme haukai. Nisaidieni kabla sijatoa hela.

Fundi_Msimbazi
Mama Neema, shikamoo. Zote mbili ziache hapo hapo zilipo.

Nianze na hiyo i7, maana ndiyo inayokamata wengi. Hilo neno "i7", jina la prosesa (ubongo wa kompyuta), peke yake halikuambii kitu. Angalia namba inayofuata. EliteDesk 800 G1 ni kizazi cha 4, humo utakuta i7-4770 au nduguye, chipu ya mwaka 2013. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na hiyo haina vyote viwili. Utauliza, mbona ameiweka na inawaka? Ipo njia ya kuruka ukaguzi wakati wa kusakinisha, vijana wa madukani wanaifanya wakiwa wamefumba macho. Itafanya kazi, lakini Microsoft hawakuahidi kuendelea kuipa masasisho, na likija toleo kubwa unaanza tena kutafuta fundi. Kwa hiyo kuona Windows 11 kwenye kioo si ushahidi wa chochote.

Namna ya kusoma: i5-8250U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, basi kizazi cha 8. i5-10210U ni cha 10. i7-4770 ni cha 4. Ukifika dukani bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia sehemu ya Performance, jina kamili la prosesa liko juu pale. Usisome stika, stika zinauzwa.

Na kizazi cha 8 si suala la Windows tu. Kwa laptopu, i5-7200U ya kizazi cha 7 ina kore (vitengo vya kufanyia kazi) 2, i5-8250U ina 4. Hapo ndipo Intel walipoongeza kweli.

Hiyo mpya sasa. Celeron ni dhaifu kuliko i5 ya kizazi cha 8 iliyotumika, na si kwa mbali kidogo. Hizo 64GB ni eMMC, yaani chipu ya kuhifadhia iliyochomelewa kwenye bodi, na mara nyingi RAM pia imechomelewa, kwa hiyo ulivyoinunua ndivyo itakavyokufa. Windows ikijikalia humo na Office juu yake, kila sasisho litakuambia nafasi haitoshi. Upya wake ni wa boksi.

Babu_DOS
Vijana mnapenda kumwambia mtu anunue. Mama, weka SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya 240GB kwenye hiyo 780 yako. Inaingia kwenye tundu lile lile la SATA la hard disk. Unayoyalalamikia, kuchelewa kuwaka na kufungua Excel, nusu yake ni hard disk inayozunguka. Laki 5 nyingine mlipie Neema tuisheni.

Fundi_Msimbazi
Mzee wangu, kwenye SSD nakubali. Ila Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Anayejisajili anapewa nyongeza ya masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, basi. Na kwa Core 2 Duo hata ile njia ya kuruka haisaidii: Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 inahitaji maagizo ambayo prosesa hiyo haina, haiwaki kabisa. Hapo kuna hesabu za pesa za watu, mzee.

Pengwini_Mweusi
Nani kasema lazima Windows? Linux Mint, mfumo mbadala wa Windows, bure, SSD ya Babu, mchezo umeisha. Mint 22 inapata masasisho hadi 2029. LibreOffice (programu za ofisi za bure) inafungua Excel, YouTube inacheza.

MamaNeema_Moro
@Pengwini_Mweusi nashukuru, ila faili la kikoba lina fomula na makro (amri za kujiendesha) alizotutengenezea kijana mmoja wa chuo, na wanakikoba wenzangu wanatumia Excel. Sitaki siku ya kuvunja kikoba namba zikatae nikaonekana nimezila mimi.

Pengwini_Mweusi
Hahaa, kama kuna makro nakuelewa. LibreOffice inaendesha baadhi, nyingine zinagoma. Siwezi kukuweka kwenye kesi.

Mwana_Likoni
Dada, salaam kutoka Mombasa. Chukua mashine za maofisini zilizotumika, ndizo nilizowanunulia wanangu. Kwa mezani tafuta zile ndogo: OptiPlex 3060 Micro, HP EliteDesk 800 G4 Mini, ThinkCentre M720q. Zote za kizazi cha 8. Ukiona prosesa yenye herufi T mwishoni, mfano i5-8500T, hiyo ni ya wati 35 na ina kore 6, umeme haili. Ila uliza habari ya monita: nyingi zina tundu jipya la DisplayPort, na lile la zamani la VGA ni bahati yako. Kama monita yenu ni ya zamani, adapta iingie kwenye bajeti.

Kwa laptopu: ThinkPad T480, Latitude 7490, EliteBook 840 G5. Hiyo ya mwisho fungua macho, zipo za G5 zenye chipu ya kizazi cha 7 na kwa nje huwezi kuzitofautisha.

Kwa vile umeme wenu haukai, mimi ningeenda laptopu. Ya mezani bila UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ni kuchezea faili lako.

Chausiku_255
Naongezea moja. Ukipewa Chromebook (laptopu ya mfumo wa Google) ya bei ya kutupa usishangilie. Nyingi ni za shule za Marekani, zina tarehe ya mwisho ya masasisho, na Excel yenye makro huko hakuna. Angalia kwanza modeli.

MamaNeema_Moro
Wakuu, nipo Kariakoo. Yule wa i7 nilipomwambia afungue Performance akasema mimi ni mteja msumbufu. Ilikuwa i7-4770 kweli. 😂

Duka jingine kuna hizi:

A. OptiPlex 3060 Micro, i5-8500T, RAM 8GB, SSD 256GB, bila monita, laki 4 na 20.
B. ThinkPad T480, i5-8350U, RAM 8GB, SSD 256GB, laki 5 na 80.

Hiyo B kioo kina alama ndogo pembeni na herufi za kibodi zimeanza kung'aa. Naambiwa betri "nzima kabisa".

Fundi_Msimbazi
Betri isisemewe, ipimwe. Andika cmd pale Start, fungua, kisha andika powercfg /batteryreport. Itakuonyesha jina la faili, lifungue. Linganisha DESIGN CAPACITY (uwezo ikiwa mpya) na FULL CHARGE CAPACITY (uwezo wa sasa). T480 ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya nje, soma zote.

MamaNeema_Moro
Ya ndani ilikuwa kama 24,000 mWh (watt-saa 24), imebaki 17,000. Ya nje 24,000, imebaki 9,000.

Fundi_Msimbazi
Ya ndani bado inafaa. Ya nje imeenda, lakini hiyo inachomoka kwa kuvuta vitasa viwili tu, na baadaye unaweza kuweka kubwa ya 48 au hata 72 watt-saa. Mwonyeshe hizo namba, zitashusha bei.

Chukua B. A ni mashine nzuri zaidi kwa hela yake, sibishi, ila ongeza UPS na adapta ya VGA uone laki 4 na 20 inafika wapi, na bado umeme ukikatika saa nzima UPS ndogo haikufikishi.

Kabla hujalipa: izime, iwashe huku unabonyeza F1. Ikikuomba pasiwedi ya BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine), mrudishie, hiyo ni ya kampuni iliyoitumia na muuzaji hana. Ikifunguka, ingia Security utazame sehemu ya Absolute au Computrace (ya kampuni kufuatilia mashine yake) isiwe imewashwa. Kisha chomeka chaja kwenye tundu la kwanza la Type-C, halafu la pili. Yote mawili yachaji.

MamaNeema_Moro
F1 haijaomba kitu, na hiyo Absolute imezimwa. Matundu yote yanachaji. Ameshusha hadi laki 5 na 30 baada ya kuona namba za betri, na anaandika risiti yenye namba ya mashine, waranti mwezi mmoja.

Chausiku_255
Mwombe aandike pia kwamba waranti inahusu SSD na bodi, siyo "chaja tu". Wanapenda kujificha hapo.

Mwana_Likoni
Na ukiunganisha intaneti, kabla ya kitu chochote pakua sasisho la programu dhibiti ya Thunderbolt (kidhibiti cha tundu la Type-C) kutoka tovuti ya Lenovo. T480 zilitoka na kasoro humo, zisiposasishwa tundu la Type-C huja kukataa kuchaji, na fundi atakuambia bodi imekufa.