Nasindikiza rufaa za usiku peke yangu, naombeni ushauri

Mkunga wa Bondeni
Habari zenu wakuu. Mimi ni muuguzi mkunga, kituo cha afya mkoa wa Lindi, ndani ndani kabisa. Rufaa ikitoka usiku nasindikiza mimi: nyuma niko na mgonjwa, mbele dereva. Kiangazi ni saa 3 hadi hospitali ya wilaya, masika Mungu ndiye ajuaye.

Wiki iliyopita nilimpeleka mama anayetoka damu baada ya kujifungua. Tukanasa kwenye tope karibu saa nzima. Mkono mmoja nakanda tumbo, mwingine nimeshika dripu, simu inayotoa mwanga nimeibana kwa meno. Mama kapona, alhamdulillah, ila sasa gari likiwashwa tu moyo unanienda mbio. Na wodini nilimwacha mhudumu peke yake na wajawazito wawili. Nigome?

Kisiki
Karibu kazini. Posho umelipwa? 😂

Mkunga wa Bondeni
Ya Machi bado.

Bibi Wodi
Pole mwanangu. Usigome, ila usipande gari hujajiandaa. Weka kanyula mbili nene, vile vimrija vya kupitishia dripu, mkiwa bado kituoni, njiani mshipa hutauona. Weka na mpira wa mkojo, kibofu kikijaa mji wa mimba haukazi. Oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, ikae kwenye kibebeo cha chanjo chenye barafu, joto la Lindi linaiua. Kama mna ile suti ya kuzuia mshtuko, inayobana miguu na tumbo kwa anayetoka damu nyingi, mvishe kabla ya kuondoka, na asivuliwe njiani hata akionekana nafuu. Hilo la moyo kwenda mbio mwambie mtu unayemwamini. Mimi nilinyamaza mwaka mzima, likanitafuna.

Tabibu Kijijini
Oksijeni piga hesabu. Mtungi wa lita 340 ukifunguliwa lita 5 kwa dakika ni dakika 68, basi. Kifafa cha mimba: dozi ya kwanza ya magnesiamu imalizike kituoni, gramu 4 mshipani taratibu na 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Njiani alale ubavu wa kushoto.

Dereva Mstaafu
Sista, dereva usimwambie "kimbiza". Gari likiruka shimo, kanyula inachomoka. Mimi nilibeba jembe, panga na mnyororo, na kabla ya kuwasha nampigia mwenyekiti wa kijiji cha mbele aniambie mto umefikia wapi.

Tabibu Kijijini
Hilo la mto wengi hatulifanyi. Piga na 115 pia, namba ya m-mama ya usafiri wa dharura wa wajawazito, ni bure. Gari lenu likiwa bovu wanaweza kumpanga hata dereva wa kijijini. La wodi kubaki tupu mwandikie mganga mfawidhi, tarehe na saa za kila safari.

Kisiki
Aandike aitwe mkorofi?

Bibi Wodi
Aitwe. Siku mama akifia wodini wataulizana nani alikuwa zamu.

Mkunga wa Bondeni
Asanteni sana. Naingia zamu saa 2 usiku. Kibebeo kimepatikana, barua nimeanza. Jembe dereva kasema analitoa kwake.