Mashine ya vifaranga ya kidato cha tatu: mbunifu ni mtoto au ni ticha?

Mzazi wa Uyole
Wakuu kamwene, na wa Tukuyu ndaga. Wakubwa shikamooni.
Kijana wangu yuko kidato cha tatu hapa Mbeya. Ijumaa karudi na karatasi ya shule: elfu arobaini na tano, "mradi wa ubunifu" kwa ajili ya mashindano ya sayansi. Mnatengeneza nini? Mashine ya kutotoleshea vifaranga. Inafanyaje kazi? "Ticha anajua." Nikaenda kuiona. Boksi la mbao, balbu mbili, na kidude cha kupima joto kilichokuja kutoka Dar kikiwa kimeshaunganishwa kila kitu. Vifaranga vitatoka, sibishi. Ila mwanangu atasimama mbele ya majaji akiwa amekariri maelezo kama anaghani shairi, na akishinda ataitwa mgunduzi. Mgunduzi wa nini? Haya mashindano yaendelee hivi hivi, yabadilishwe, au yafutwe tujue moja? Nawasilisha.

Ticha Mkongwe
Mzazi, hiyo "ticha anajua" umeiweka makusudi. Haya, ticha anajua, kwa sababu ticha ndiye aliyebaki shule mpaka saa kumi na mbili jioni na watoto wenu bila hata chai. Unajua darasa langu lina wanafunzi wangapi? Maabara yetu ukitaka kichoma Bunsen unaanza kwa kuomba Mungu. Halafu elfu 45 ni nini? Bei ya kuku wawili wa kienyeji. Harusi mnachanga laki bila kuuliza harusi inafanyaje kazi.

Kalulu wa Mbozi
Kuku wawili elfu 45??? Ticha unanunua kuku wapi, uwanja wa ndege Songwe?

Ticha Mkongwe
Jogoo mkubwa Soweto sokoni kipindi cha sikukuu. Usibishe kitu ambacho hununui.

Kalulu wa Mbozi
Nafuga, mwalimu. Sinunui kwa sababu nafuga. Jogoo wangu kwa bei hiyo ningeshajenga ghorofa Vwawa.

Fundi Mwanjelwa
Achaneni na kuku. Mimi karakana yangu ina vijana wanne, hakuna hata mmoja aliyemaliza kidato cha nne, na mashine ya kukoboa wanaifumua na kuirudisha wamefumba macho. Nani aliwahi kuwapa cheti? Yule dogo wa Malawi hapo Kasumulu alitengeneza umeme wa upepo kwa baiskeli mbovu, hakuwa na mashindano wala majaji. Ubunifu unatoka kwenye shida, hautoki kwenye fomu ya kujaza.

Dada wa Tukuyu
Kaka Fundi, ni Kasungu. Kasumulu ni hapo mpakani kwetu Kyela, pale ungepata vitenge, usingepata kinu cha upepo. William Kamkwamba alikuwa na miaka kama 14, alikuwa ameacha shule kwa kukosa ada ule mwaka wa njaa, 2002 hivi. Na hakutoa kichwani tu: alikuwa anaenda maktaba ndogo ya kijiji, akakuta kitabu chenye picha ya vinu. Dunia ilimjua lini? 2007, alipopandishwa jukwaani Arusha. Kwa hiyo jukwaa lina kazi yake. Hao vijana wako wanne wangekuwa na jukwaa leo usingekuwa unawalipa posho ya maandazi.

Fundi Mwanjelwa
Maandazi yametoka wapi? Nawalipa kila Jumamosi. Uliza Mwanjelwa nzima.

Mama Vifaranga
Nimeangua vifaranga miaka mingi, naomba niseme kidogo. Boksi na balbu si ugunduzi, hiyo kila mtu anayo. Yai la kuku linataka nyuzi 37 na nusu hivi, siku 21, ligeuzwe mara kadhaa kwa siku mpaka zile siku tatu za mwisho, na unyevu uongezwe mwishoni la sivyo kifaranga kinanasa ndani ya gamba. Haya yote yanajulikana. Kisichojulikana ni hiki: hapa Uyole mwezi wa sita na wa saba usiku baridi inakata, umeme ukikatika muda mrefu boksi linapoa na trei nzima inaweza kufa. Kwa hela ya mkulima, utatunzaje joto mpaka umeme urudi? Pumba za mpunga? Chupa za maji ya moto? Matofali? Mtoto angepewa hilo swali, akapima kila usiku na kuandika, hata asipopata jibu ningempa zawadi mimi. Mnawapa jibu halafu mnawaambia wabuni.

Kalulu wa Mbozi
Mama, chotara una bei gani?

Mtu wa Mkwawa
Wakuu mnazunguka wakati mfano uko Nyanda za Juu Kusini kwetu. Erasto Mpemba. Mwaka 1963 akiwa kidato cha tatu shule ya Magamba, Lushoto, walikuwa wanatengeneza aiskrimu. Sheria ilikuwa uchemshe maziwa, uyaache yapoe, ndiyo uweke kwenye friza. Nafasi ikawa inaisha, akaingiza yake ya moto moto, yakaganda kabla ya ya mwenzake yaliyoingia ya baridi. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa. Alipokuja kidato cha tano shule ya Mkwawa hapa Iringa akauliza tena, mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya dunia. Ikawa utani wa darasa. Siku Denis Osborne wa chuo kikuu Dar alipokuja kuwahutubia, Mpemba akasimama akauliza lile lile, wenzake wakamcheka. Osborne akaenda kujaribu. 1969 wakaandika pamoja kwenye jarida la fizikia, na leo dunia nzima inaita athari ya Mpemba. Hakukuwa na mashindano. Kulikuwa na swali na mtu mmoja mwenye adabu ya kulijaribu.

Kalulu wa Mbozi
Mpemba hii ya karibu na Tunduma?

Mtu wa Mkwawa
Ni jina la mtu, Kalulu. Rudi kwa kuku.

Ticha Mkongwe
Kila hadithi ya Mpemba lazima mwalimu awe mjinga. Mwalimu alisema kile ambacho vitabu vyote vya wakati ule vilisema. Na ni mwalimu huyo huyo aliyemfikisha mahali pa kujua 100°C ni nini. Mbona hilo hamlisemi? Kila mtoto akiniuliza kitu nikiache mada niende friza, mtihani wa taifa wa NECTA nani atajibu?

Injinia wa Sae
Kabla hamjajenga sanamu: hiyo athari yenyewe bado inabishaniwa. Mwaka 2016 Burridge na Linden, watafiti wa Uingereza, walirudia majaribio kwa makini wakasema hawaoni ushahidi wa maana kwamba maji ya moto yanapoa kufikia sifuri kabla ya ya baridi. Ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ndani ya kikombe unaweza "kuona" athari ambayo haipo. Wanafunzi wetu wafundishwe hilo kwanza.

Mtu wa Mkwawa
Nilijua atatokea. Mtanzania akitajwa vitabuni mtu wa kwanza kumvuta miguu ni Mtanzania. Hao wa 2016 walipima mpaka sifuri. Mpemba alisema KUGANDA. Maji yanaweza kushuka chini ya sifuri bila kuganda, ni vitu viwili tofauti.

Injinia wa Sae
Sijamvuta mtu mguu. Aristotle aliandika jambo hilo kabla ya Iringa kuwa na jina. Nimesema tu halijathibitika. Mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia ya Uingereza ilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora, yakaja zaidi ya 22,000. Jambo lenye maelezo elfu ishirini na mbili halina maelezo.

Dada wa Tukuyu
Subiri. Kwa hiyo na hayo yalikuwa mashindano 😂 Mtu wa Mkwawa, hapo umejibiwa.

Mtu wa Mkwawa
Mashindano ya kueleza, siyo ya kugundua. Na wewe dada ulikuwa upande gani?

Mzazi wa Uyole
Jamani. Nimekuja na karatasi ya elfu 45.

Dada wa Tukuyu
Mzazi lipa tu, mtoto akaone wenzake. Haya ya Young Scientists Tanzania yapo tangu 2011, wazo lilitoka Ireland, na majaji wao huuliza mwanafunzi mwenyewe, ticha anakaa pembeni. Akikariri atajulikana palepale. Na kuna MAKISATU, mashindano ya ubunifu ya serikali, tangu 2019. Ila hakikisha jambo moja: kama kweli kuna kitu kipya, msikionyeshe hadharani kabla ya kuuliza BRELA, wale wa usajili wa biashara, habari za hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu wako. Ukishaanika, upya wake unaweza kupotea, na wa kunakili hawakosi.

Fundi Mwanjelwa
Hataza ya boksi la balbu.

Ticha Mkongwe
Fundi, boksi hilo watoto wangu walipiga msumari wenyewe. Wenyewe! Kidude cha Dar nilikinunua mimi kwa mshahara wangu, karatasi ya mzazi ni ya nauli na mabango. Hilo hakulisema.

Mzazi wa Uyole
Karatasi haijaandika nauli, ticha. Imeandika "mradi". Au wewe ndiye ticha wa kijana wangu?

Injinia wa Sae
Mtu wa Mkwawa, weka jaribio. Vikombe viwili sawa, maji ya chombo kimoja, visikae juu ya barafu ya friza kwa sababu cha moto kitaiyeyusha, kigusane vizuri na chuma, kipoe haraka. Hapo ndipo wengi wanadanganyika.

Mtu wa Mkwawa
Kwa hiyo umekubali kwamba kinapoa haraka.

Injinia wa Sae
Nimesema wanadanganyika!

Kalulu wa Mbozi
Mama Vifaranga, bado nasubiri bei.

Mama Vifaranga
Njoo tuongee pembeni. Ila uje na boksi lenye matundu, wa mwisho alikuja na ndoo ya mfuniko.