Tupeane uzoefu: uwanja wa gofu kando ya jaa la taka, nini kipimwe kabla ya nyasi kupandwa?

MwanaKisauni
Asalaam aleikum ndugu zangu. Mji ukiwa na ardhi tupu iliyopakana na jaa, wazo la gofu haliko mbali: nyumba hazifai pale, basi nyasi zitafaa. Sisi Mombasa tuna jaa la Mwakirunge, na tuna la Kibarani lililofungwa 2018 likaja kupandwa miti. Wajuzi wa gesi, maji, nyasi na sheria, tuelezeni kazi yenyewe. Siasa tuziweke kando.

MpimaGesi
Anzeni na gesi, kwani ndiyo inayoua. Taka zinazooza bila hewa hutoa methani na kaboni dioksaidi, karibu nusu kwa nusu. Methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja yatosha. Nayo haijui mpaka wa shamba: hupenya nyufa za mawe ya matumbawe, hufuata mabomba na mitaro ya nyaya, ikaibukia chumba cha klabu au jikoni kwa jirani.

Toboeni visima vya kupimia mpakani, vishuke kupita kina cha taka au mpaka yalipo maji ya ardhini. Teremsheni bomba la PVC la inchi 1 au 2 lenye matundu upande wa chini, lizungushiwe kokoto, kisha mita moja ya juu izibwe kwa bentonaiti (udongo unaovimba ukilowa) na mdomo ufungwe kwa vali. Pasipo kuziba hivyo mtakuwa mnapima hewa ya nje. Upande wenye nyumba visima viwe karibu karibu.

Saa ya kupima ina uzito mkubwa. Huku kwetu shinikizo la hewa hupanda hadi mnamo saa nne asubuhi, halafu hushuka mpaka saa kumi alasiri. Linaposhuka ndipo gesi hutoka ardhini. Anayepima asubuhi tu ataandika sufuri na watu watalala wakidhani wako salama. Pimeni alasiri, tena pimeni wakati wa masika, maana ardhi iliyolowa huziba juu na gesi ikasukumwa pembeni. Uwanja unaonyunyiziwa kila siku huleta hali hiyo mwaka mzima. Sheria ya Marekani hutaka methani isizidi asilimia 1.25 ndani ya majengo ya jaa, na mpakani isizidi 5. Pale Mountain View, California, ambako jaa liligeuzwa bustani na uwanja wa gofu, mwaka 1986 methani ilishika moto kwenye nyasi za ukumbi wa muziki, watu wakiwa wamekaa juu yake.

FundiNyasi
Naongezea dalili moja: mkiona viraka vya manjano katikati ya nyasi zinazopata maji vizuri, msikimbilie mbolea. Methani hufukuza oksijeni kwenye mizizi. Chimbeni, pimeni.

Grini ya kawaida, yaani pale penye shimo la mpira, hujengwa kwa sentimita 30 za mchanga juu ya sentimita 10 za kokoto, chini yake mabomba ya kutolea maji. Juu ya taka zenyewe, ardhi hushuka kwa miaka mingi, tena si sawasawa, na mabomba ya PVC ya kugundisha hukatikia kwenye viungo. Tumieni polithini nzito ya kuunganishwa kwa moto. Bomba likivuja chini kwa chini, maji hushukia takani na kutoka meusi, yana amonia na metali, yakielekea visimani.

MwanaKisauni
Na hayo maji ya kunyunyizia yatoke wapi, ikiwa mifereji ya majumbani hukaa siku kadhaa haina tone?

FundiNyasi
Swali hili ndilo hukwamisha. Milimita 5 kwa siku juu ya hekta moja ni lita 50,000. Nyasi za hekta 20 ni lita milioni moja kila siku ya kiangazi. Maji ya Mzima au Baricho, yanayoletwa mjini kwa matumizi ya watu, yasiguswe kwa kazi hii, nasema wazi. Yabaki maji taka yaliyosafishwa, pamoja na nyasi aina ya paspalumu zinazostahimili chumvi. Kisima kirefu karibu na bahari kikivutwa mno huingiza maji ya chumvi, na chumvi hiyo huwafuata wenye visima vya jirani.

Mzalendo wa Ardhi
Kwa upande wa sheria, mradi wa namna hii wahitaji tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999, na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Ripoti ikitolewa kwa umma, fungueni moja kwa moja kurasa za vipimo: visima vingapi, vilipimwa saa ngapi, mwezi gani, na kama udongo umepimwa madini ya risasi (lead). Tuliyoyaona Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliosumishwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, ambako mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, yatosha kutufanya tudai kipimo hicho. Andikeni pingamizi mkitaja ukurasa. Leseni ikitolewa nanyi hamkuridhika, rufaa huenda kwenye Mahakama Maalum ya Mazingira ndani ya siku 60.

Waokota taka nao waandikishwe mapema, kwa majina na kazi zao, kabla ua haujajengwa. Likishafungwa lango hakuna atakayewatafuta.

MpimaGesi
Ulizeni pia nani atalipia vipimo baadaye. Marekani jaa lililofungwa huangaliwa miaka 30. Fedha hizo zitengwe kwenye akaunti yake kabla ya nyasi kupandwa, sio kutegemea ada za wachezaji.