Baba ana ugonjwa wa moyo, miguu inamvimba tena

BintiKisauni: Assalaam aleykum. Baba ametoka wodini majuzi, daktari kasema moyo wake hausukumi damu vya kutosha. Anameza Lasix na spironolaktoni, vidonge vya kutoa maji mwilini. Chumvi tumempunguzia, lakini jioni soksi zinamwacha alama, na usiku sasa ataka mito mitatu. Anayeishi na hali hii aniambie hujitunza vipi.

MamaTudor: Waaleykum salaam mwanangu. Kwanza mpelekeni hospitali leo, msingoje tarehe ya kliniki. Mtu akishindwa kulala chali huenda maji yameshaingia mapafuni.

Mimi naishi na moyo huu miaka mingi. Mizani yangu iko karibu na mlango wa choo. Alfajiri nikishakojoa, kabla ya chai, napanda na kanga ile ile, naandika kwenye daftari. Kilo zikizidi mbili ndani ya siku tatu hayo si mafuta, ni maji, na siku hiyo hiyo napiga simu kliniki. Mizani huyaona kabla miguu haijavimba.

Na chumvi, mwanangu, mnayopunguza ni ya sufuriani tu? Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, ndicho kijiko kimoja cha chai, na humo chumvi ya mkate imo. Sisi Wapwani twaila kwenye papa na ng'onda, samaki waliokaushwa kwa chumvi, na kwenye achari. Papa hata umroweke usiku kucha, chumvi haimtoki yote. Mimi nilimwacha, na nilimpenda sana. Nanunua changu mbichi, nampaka ukwaju, thomu na pilipili, namchoma kwa makaa, tui kidogo juu. Wajukuu wanamgombania.

DukaLaDawaLikoni: Naongeza, dada. Magoti yakimuuma asinunuliwe diklofenaki wala ibuprofeni. Zinazuia maji na chumvi mwilini na kuumiza figo. Aulizie parasetamoli. Madafu nayo yana potasiamu nyingi, madini ambayo yakizidi mwilini huvuruga moyo, na spironolaktoni huyazuia yasitoke, kwa hiyo muulizeni daktari kabla ya kumpa.

BintiKisauni: Diklofenaki anayo, huficha chini ya godoro! Tunatoka sasa hivi. Ramadhani je, ataweza kufunga?

MamaTudor: Hilo aamue daktari wake, na saa za vidonge azipange yeye. Bebeni dawa zote anazotumia, hiyo ya chini ya godoro na za miti shamba pia, mkamwonyeshe.