Mrejesho: wasifu wa marehemu mzee wangu mvuvi

Wakuu, narudi na mrejesho wa ile ishu niliyoomba ushauri humu, namna ya kuandika wasifu wa marehemu baba, usomwe arobaini yake kule kisiwani Ukerewe. Asanteni sana aisee. Nilipunguza mambo ya shule na vyeo kama mlivyosema nikaweka uvuvi wake, maana dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka mzee yuko nyumbani anashona nyavu huku anatukagulia madaftari, mikono inanuka dagaa balaa, watu walicheka na kulia hapohapo. Ile ya kuwapa maiki wavuvi wenzake wamwongelee ndo ilibuma, wa kwanza tu hakuiachia mpaka pilau likapoa 😂 Mkifanya hivyo pangeni kabisa nani wa kumpokonya.